Makaa ya Mawe Hayamwashii Maskini Taa

Hoja hii sasa imekuwa wimbo. Huimbwa bungeni, hurudiwa katika vipindi vya redio vya asubuhi, na barazani, kahawa ikizunguka, ndiyo hufunga mjadala. Beti zake ni hizi: Ulaya ilichoma makaa ya mawe kwa karne mbili ikajenga viwanda, reli na hospitali, China ikafuata, kisha India, leo zamu ya Mwafrika imefika, anaambiwa ayaache makaa ardhini, angoje jua na upepo. Basi Afrika ichome kwanza, itajirike, mambo ya usafi yatakuja baadaye.

Nusu ya kwanza ya wimbo ni kweli, na anayeipinga anabishana na jua la adhuhuri. Bara lenye karibu mtu mmoja kati ya kila watano duniani hutoa kiasi cha asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya ulimwengu. Waafrika kama milioni 600 hawana umeme nyumbani. Mfugaji wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, aliyepoteza mifugo yake katika ukame ulioanza mwaka 2020 huenda hajawahi kumiliki hata pikipiki. Kumtaka mtu huyo ajinyime umeme ili kufidia moshi wa Manchester na Pittsburgh ni dhuluma, na dhuluma hiyo itajwe kwa jina lake.

Lakini nusu ya pili haizaliwi na ya kwanza. Aliyedhulumiwa sokoni hafidiwi kwa kuuziwa samaki aliyeoza. Swali ambalo waimbaji hulikwepa ni moja: makaa hayo yakichomwa, nani atalipa, na nani atawashiwa taa?

Lamu ina jibu. Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuongeza megawati 5,000 za umeme ndani ya miezi 40, na sehemu kubwa ya umeme huo ilikusudiwa itokane na makaa ya mawe. Mtambo mkubwa kuliko yote ukapangiwa Kwasasi, kaskazini mwa mji wa kale wa Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ungekuwa wa megawati 1,050, kwa gharama ya takriban dola bilioni 2, na dohani yake ingepanda mita 210 juu ya mikoko na maji ambayo wavuvi wa Lamu wameyategemea vizazi na vizazi. Na makaa yenyewe, angalau mwanzoni, yasingekuwa ya Kenya. Yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini hadi siku ambayo machimbo ya bonde la Mui, huko Kitui, yangefunguliwa.

Dohani hiyo ndiyo iliyopigwa picha na kuandikwa magazetini. Mkataba ulisomwa na wachache, ilhali humo ndimo mlimokuwa na hatari kubwa zaidi kwa mwananchi wa kawaida. Kwa miaka 25, shirika la umeme lingelipa ujira wa mtambo kukaa tayari, mbali na bei ya umeme wenyewe. Ni sawa na kukodi basi na kulilipia kila siku, lipakie abiria au lilale gereji. Taasisi ya uchumi wa nishati ya IEEFA ilipouchambua mkataba huo mwaka 2019 ilikadiria kuwa ujira wa kukaa tayari ungefika dola milioni 360 kwa mwaka hata mtambo usipozalisha uniti moja. Kwa muda wote wa mkataba, hizo ni dola bilioni 9. Wakati huo mahitaji ya juu kabisa ya umeme Kenya nzima, ile saa ya jioni ambapo kila taa na kila televisheni imewashwa, yalikuwa yakizunguka megawati 1,900, na mitambo iliyokuwapo tayari iliweza zaidi ya hapo. Mtambo mmoja wa Lamu ungeongeza zaidi ya nusu ya mahitaji hayo, kwa wateja ambao hawakuwapo.

Deni hilo lisingelipwa na mawaziri waliousifu mradi. Lingeingia kwenye bei ya uniti, na bei ya uniti humfikia fundi cherehani wa Kawangware, Nairobi, anayenunua tokeni za shilingi 100 kwa simu, akitumaini zitamvusha hadi kesho.

Wanaoimba wimbo huo husema Kenya ilizuiwa na wazungu wasiotaka Mwafrika aendelee. Yaliyotokea ni kinyume chake. Mtambo ungejengwa na kampuni ya China kwa mkopo wa benki ya China, ICBC. General Electric ya Marekani ilipanga kununua hisa. Balozi wa Marekani nchini Kenya wakati huo, Kyle McCarter, aliutetea mradi hadharani. Walioupinga ni wakazi wa Lamu: wavuvi, wakulima, waongoza watalii, wazee wa mji, waliojikusanya chini ya mwavuli wa Save Lamu. Silaha yao ilikuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na ambayo inalazimisha umma ushirikishwe. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa linaloamua mizozo ya mazingira lilifuta leseni ya mradi, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajiweka kando mwaka huohuo, na ICBC ikajitoa mwaka uliofuata. Kumwita mvuvi wa Lamu kibaraka wa Ulaya baada ya hayo yote ni kumnyima hata ushindi wake.

Anayetaka kujua Kenya iliepuka nini na atazame Pakistan. Kuanzia mwaka 2017 nchi hiyo iliwasha mitambo mikubwa ya makaa iliyojengwa kwa mikopo ya China, ukiwamo ule wa Sahiwal wenye megawati 1,320, kwa mikataba ya aina ileile: malipo ya kukaa tayari, yaliyofungwa kwenye dola. Rupia iliposhuka, deni likapanda. Ili kulilipa, bei ya umeme ikapandishwa. Bei ilipopanda, wenye viwanda, wenye nyumba na wakulima wenye pampu za maji wakaanza kununua paneli za sola kutoka China, kwa sababu zilikuwa zimekuwa rahisi kuliko ankara ya mwezi. Mwaka 2024 pekee ziliingia Pakistan paneli za takriban megawati 17,000. Kila aliyeweka sola akapunguza kununua umeme wa gridi, ilhali malipo ya mitambo hayakupungua hata rupia moja. Yakabaki kugawanywa miongoni mwa wale wasiokuwa na uwezo wa kununua paneli, yaani wapangaji, wajane na vibarua. Huo ndio mwisho wa mkataba wa aina ya Lamu, na mzigo wake umetua kwa walewale ambao wimbo unadai kuwatetea.

Upande wa pili huwa na jibu: Pakistan ilichoma makaa mengi ya kuagizwa, nchi inayochoma makaa yake mambo huwa tofauti. Hapo ndipo Afrika Kusini inapoingia, nchi iliyouimba wimbo huu mpaka ubeti wa mwisho. Ina makaa yake, reli zake, wahandisi wake na zaidi ya miaka mia ya uzoefu. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake hutokana na makaa. Kama makaa yangekuwa ndiyo dawa ya giza, basi hakuna nchi barani ambayo ingepaswa kuwaka taa usiku kucha kuliko hiyo.

Mwaka 2023 Afrika Kusini ilikaa kwenye mgao wa umeme kwa zaidi ya siku 300. Mitambo mikongwe ya Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, ilikuwa ikiharibika mmoja baada ya mwingine. Mipya haikuokoa jahazi: Medupi na Kusile, iliyoanza kujengwa mwishoni mwa muongo wa 2000, ilichelewa kwa miaka mingi na gharama zake zikapaa mbali na makadirio. Agosti 2021, siku chache tu baada ya Medupi kutangazwa kuwa imekamilika, kitengo chake kimoja kililipuka. Februari 2023 waziri wa fedha, Enoch Godongwana, alitangaza kuwa serikali ingebeba randi bilioni 254 za madeni ya Eskom, fedha za walipa kodi ambazo zingeweza kujenga shule na zahanati. Mgao ulilegea mwaka 2024, mitambo ilipokarabatiwa na watu binafsi walipokuwa wamekwisha kujaza mapaa yao sola. Huko Mpumalanga, penye msongamano mkubwa wa mitambo hiyo, Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua Machi 2022 kwamba uchafu wa hewa katika eneo hilo umevunja haki ya kikatiba ya wakazi ya kuishi katika mazingira yasiyodhuru afya yao. Watoto wa eMalahleni, mji wa huko Mpumalanga, wanapumua jivu la mitambo iliyoshindwa hata kuwahakikishia umeme.

Sasa ije hoja ya mafundi, ambayo ni nzito kuliko ya wanasiasa: jua huchwa, upepo hutulia, na kiwanda cha saruji hakiwezi kungoja mawingu yaondoke. Ni hoja ya haki. Jibu lake, kwa Afrika Mashariki, liko kilomita chache kutoka Ziwa Naivasha.

Huko Olkaria, ndani ya Bonde la Ufa, visima vyenye kina cha hadi kilomita 3 vinatoa mvuke uliochemshwa na joto la ardhi. Mvuke huo huzungusha mitambo mchana na usiku, masika na kiangazi. Uchimbaji wa majaribio ulianza katika miaka ya 1950, na kitengo cha kwanza, cha megawati 15 tu, kikawashwa mwaka 1981. Leo jotoardhi huipa Kenya kiasi cha asilimia 40 ya umeme wake. Ukijumlisha maji, upepo wa Loiyangalani na Kipeto, na jua la Garissa, karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hautokani na mafuta wala makaa. Mvuke wa Olkaria hauagizwi kwa dola wala haupiti Mlango-Bahari wa Hormuz. Baada ya vita vya Ukraine kutikisa soko la mafuta, lita ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 Agosti 2022, na Nairobi shilingi 211.64 Septemba 2023. Makonda wakapandisha nauli, unga ukapanda, kila kitu kikapanda. Joto la chini ya Naivasha halikujua kuwa kuna vita.

Tena kuna takwimu moja inayoubomoa wimbo wote, nayo haisemwi vya kutosha. Mwaka 2010 takriban Mkenya mmoja kati ya watano ndiye aliyekuwa na umeme. Kufikia mwaka 2022 walikuwa karibu robo tatu. Nchi imevuka kutoka gizani bila hata mtambo mmoja wa makaa ya mawe kwenye gridi yake. Wengine wamefikiwa na nyaya, wengine na paneli ndogo za juu ya paa zinazolipiwa kidogokidogo kwa simu, zilizokiondoa kibatari na moshi wake mezani kwa mtoto anayesoma. Makaa ya Lamu yasingefika katika nyumba hizo za mbali hata kama dohani ingesimama, kwa kuwa mtambo mkubwa bila nyaya za kuusambaza umeme hauwashi kijiji.

Kuutetea umeme safi si kuupamba. Upo uovu uliofanywa kwa jina lake, na anayeuficha anaidhoofisha kazi nzima. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, huohuo wa Loiyangalani, mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, ulikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya umeme ya kilomita 428 kwenda Suswa haikuwa imekamilika, na Wakenya wakatozwa fidia kwa upepo ambao haukuwafikia. Mwaka 2021 mahakama ya ardhi huko Meru iliamua kuwa hati za ardhi ya mradi huo zilipatikana kinyume cha taratibu, bila jamii zinazoishi hapo kushirikishwa inavyotakiwa. Huko Olkaria familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mvuke. Maji nayo yana udhaifu wake: Watanzania hawajausahau mgao wa 2006 na wa 2011, mabwawa yalipokauka, wala mikataba ya dharura iliyofuata, ambayo mmoja wao, wa Richmond, ulimwondoa waziri mkuu madarakani Februari 2008. Ndiyo maana hata sasa, bwawa la Julius Nyerere likiwa na megawati 2,115, hakuna mwenye akili timamu anayeitaka Tanzania izime gesi ya Songosongo iliyokwisha kuchimbwa na kulipiwa. Kuitumia gesi iliyopo wakati gridi inajijenga ni jambo moja. Kukopa leo ili kuanza upya na makaa ya mawe ni jambo jingine kabisa.

Mkataba mbovu ni mbovu hata ukiwa wa upepo. Tofauti ni kwamba upepo ukishalipiwa mnara wake, hauna mafuta ya kununuliwa. Makaa huja na mkataba mbovu na bado yanataka kulishwa kila siku.

Ethiopia imeielewa hesabu hii bila kufundishwa na Ulaya. Januari 2024 ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli na dizeli. Haikufanya hivyo ili kuwafurahisha wanaharakati wa Berlin. Mafuta yalikuwa yakiimeza akiba yake ya fedha za kigeni, mabilioni ya dola kila mwaka, ilhali mto Abbai unapita nyumbani kwake. Septemba 2025 ikazindua katika mto huo bwawa la megawati 5,150, lililojengwa kwa fedha za ndani, zikiwamo michango na hati fungani za raia wake. Kenya yenyewe tangu mwaka 2022 hununua megawati 200 kutoka Ethiopia. Hata hivyo, usiku wa manane, mahitaji yakishuka, mvuke wa Olkaria huachwa upotee hewani kwa kukosa mtumiaji, ilhali jioni nchi huhaha kutafuta umeme wa kutosha. Betri za kutunza umeme wa mchana, na bodaboda za umeme zinazochajiwa usiku kwa bei nafuu ambayo tayari ipo kisheria tangu mwaka 2023, zinaziba pengo hilo kwa haraka kuliko mtambo wa makaa ambao ungechukua miaka mingi kujengwa.

Kama kuna vita vya haki ambavyo Afrika inapaswa kuvipigana, basi ni vita vya riba.

Gharama ya sola, upepo na jotoardhi karibu yote hulipwa siku ya kwanza. Kisima kimoja cha Olkaria humeza dola milioni kadhaa na chaweza kutoka bila mvuke wa kutosha. Baada ya hapo jua halileti ankara, wala ardhi haidai ujira wa joto lake. Mtambo wa makaa au dizeli huisambaza gharama: kidogo cha kujenga, kingi cha kuulisha mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo anayekopa kwa riba ndogo huona jua kuwa rahisi, na anayekopa kwa riba kubwa huliona jua hilohilo kuwa ghali. Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 katika soko la kimataifa kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mwezi huohuo Ujerumani, yenye jua dogo na baridi nyingi, ilikuwa ikikopa kwa chini ya asilimia 3. Afrika ina kiasi cha asilimia 60 ya maeneo bora kabisa ya jua duniani, na asilimia 1 tu ya mitambo ya sola. Kinachoitenga na jua lake mwenyewe ni bei ya mkopo.

Hapo ndipo ubaguzi ulipo. Mwaka 2009 huko Copenhagen nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka kufikia 2020, zikachelewa miaka miwili, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikaja kama mikopo. Kiongozi wa Kiafrika anayeingia katika mkutano wa tabianchi akidai haki ya kuchoma makaa anawapunguzia wadeni wake mzigo: wanamruhusu, wanamuuzia mitambo, na hakuna anayemlipa chochote.

Mwaka 2027 mkutano huo utafanyika Addis Ababa, katika ardhi ya Afrika. Wajumbe wa Nairobi, Dodoma, Kampala na Kinshasa waende na madai mawili yaliyoandikwa. La kwanza waliweke mbele ya nchi tajiri: mikopo ya umeme kwa riba ambayo Ujerumani yenyewe ingeikubali. La pili walipeleke kwao, kwa serikali zao: kila mkataba wa kununua umeme, uwe wa upepo, wa gesi au wa mvuke, uchapishwe hadharani kabla ya kutiwa saini, ili fundi cherehani wa Kawangware ajue ni nini anachofungiwa kulipa kwa miaka 25.